Programu Kuwaka Si Ruhusa: Hotuba Kuhusu Leseni za Programu Katika Mashirika

Ndugu viongozi wa mashirika, wahasibu, maofisa manunuzi, na nyinyi wenzetu wa TEHAMA ambao simu zote huishia kwenu: hamjambo, na ahsanteni kwa kufika.

Tuanze na jambo ambalo likieleweka, mengine yatakaa mahali pake. Shirika linaposema limenunua programu, mara nyingi halijanunua programu. Limenunua ruhusa ya kuitumia, na ruhusa hiyo ina mipaka: nani atumie, kwenye mashine ipi, kwa kazi gani, hadi lini. Programu yenyewe inabaki mali ya mwenye hakimiliki. Mkataba wa TRIPS wa mwaka 1994, unaohusu haki miliki katika biashara, katika kifungu cha 10, unazitaka nchi wanachama wa Shirika la Biashara Duniani kuzilinda programu za kompyuta kama zinavyolindwa kazi za maandishi. Kwa hiyo anayenakili programu kwenye kompyuta ya pili bila ruhusa yuko kundi moja na anayechapa kitabu cha mwenziwe bila kumuuliza.

Haikuwa hivi siku zote. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1960, aliyechukua kompyuta kubwa alipewa na programu zake humo humo. Juni 1969 kampuni ya IBM ilitangaza kwamba itatenganisha bei ya programu na bei ya mashine. Biashara ya programu ikapata nguvu ya kusimama peke yake, na kitu kisichoshikika mkononi kikawa kinauzwa kwa maandishi yanayosema unaruhusiwa nini. Maandishi hayo ndiyo leseni.

Sasa lipo kosa linalozaa makosa mengine. Watu hudhani kompyuta yenyewe itawaambia. Programu ikifunguka bila kulalamika, wanasema tuko salama. Sivyo. Kufunguka kwa programu ni habari ya kiufundi. Ruhusa ni habari ya mkataba. Mara nyingine habari hizo mbili hukubaliana, na mara nyingine hazijuani kabisa.

Chukueni Windows ya mikataba ya jumla, yaani mkataba mmoja unaofunika kompyuta nyingi. Shirika huweka seva moja ya ndani iitwayo KMS, na kompyuta nyingine huiomba iziamilishe, yaani izithibitishe ili Windows ikubali kufanya kazi. Seva hiyo husubiri hadi iombwe na kompyuta za kawaida zisizopungua 25, au seva zisizopungua 5, ndipo ianze kazi. Kila kompyuta huamilishwa kwa siku 180 na hujaribu kujihuisha kila baada ya siku 7. Mfumo mzuri, lakini haujui mmelipia kompyuta ngapi. Mmelipia 60, mkaunganisha 140, zote 140 zitaamilishwa bila neno. Oracle Database, programu ya hifadhidata, ndiyo zaidi: haina hata ufunguo, yaani ile namba ya kuamilishia. Unapakua, unasakinisha, inafanya kazi, na ndani yake kuna vipengele vya kulipia pembeni ambavyo vimekaa wazi vinamsubiri mtu abonyeze. Na ile Office ya Home and Student itasakinishwa vizuri kabisa kwenye kompyuta ya mhasibu wenu, ingawa masharti yake yanakataza kuitumia kwa kazi za biashara.

Halafu kuna funguo zinazouzwa mtandaoni kwa bei ya kutupa. Nyingi zimechomolewa kwenye mikataba ya shule au kampuni nyingine. Zitaamilisha programu leo, lakini mnunuzi ameshika herufi na tarakimu 25, hana hati inayompa haki. Mwenye mkataba wa asili akigundua, au mtengenezaji akiufunga ufunguo huo, hakuna wa kumdai. Kuhusu vile viprogramu vinavyoigiza seva ya KMS ili kudanganya Windows, tuseme moja tu: vingi hudai kwanza uzime kinga ya virusi. Anayekuomba hivyo umeshamjua.

Kuna njia rahisi ya kujua Windows ya kompyuta fulani ilitoka wapi. Fungueni dirisha la amri kama msimamizi, andikeni `slmgr /dlv`, kisha someni mstari wa maelezo. Mkiona OEM, leseni ilikuja na kompyuta hiyo na itakufa nayo. Haihamishiki kwenye mashine nyingine. RETAIL ni ya rejareja. VOLUME_MAK na VOLUME_KMSCLIENT ni za mkataba wa jumla. Kompyuta mliyopewa kama msaada ikisoma VOLUME_KMSCLIENT na nyinyi hamna mkataba wowote wa jumla, hapo kuna kazi ya kufanya. Na hata wenye mkataba wa jumla waangalie: leseni za jumla za Windows kwa kompyuta za mezani ni za kupandisha toleo. Lazima chini yake kuwe na Windows iliyonunuliwa na mashine, kwa kawaida toleo la Pro. Shirika linalonunua kompyuta tupu likidhani mkataba wa jumla unatosha limenunua ghorofa ya pili bila ya kwanza.

Basi leseni ikija mezani, swali la kwanza msiulize bei. Ulizeni: inahesabu nini? Hapo ndipo pesa na hatari vilipo, na hapo tutakaa kwa muda.

Zipo zinazohesabu vifaa. Zipo zinazohesabu watu kwa majina: leseni ni ya mtu mmoja, na watu watatu wa zamu kuchangia akaunti moja ni ukiukaji, hata kama hawafiki kazini pamoja. Leseni ya jina inaweza kuhamishwa, ila kwa mpangilio. Masharti ya jumla ya Microsoft, kwa mfano, hayaruhusu kuihamisha kabla ya siku 90 kupita, isipokuwa mtu ameondoka moja kwa moja au kifaa kimeharibika. Zipo zinazohesabu watu wanaotumia kwa wakati mmoja, na hizi ni za kawaida kwenye programu za uhandisi na uchoraji. Wahandisi 40 wanaweza kugawana nafasi 10, na wa 11 husubiri. Hapa kinachoharibu ni mtu anayefungua programu asubuhi na kuiacha wazi hadi jioni. Kabla ya kununua nafasi ya 11 na ya 12, mwambieni msimamizi wa seva ya leseni aweke muda wa kumnyang'anya nafasi asiyegusa kitu kwa nusu saa. Uhaba mwingi huishia hapo.

Kwenye seva hesabu hubadilika. Prosesa moja siku hizi ina viini vingi, na kila kiini hufanya kazi kama prosesa ndogo. Windows Server Standard, kwa njia yake ya kawaida, huhesabu viini vya mashine halisi. Kila prosesa huhesabiwa angalau viini 8, kila seva angalau viini 16, na viini vyote hulipiwa hata vile msivyotumia. Tupige hesabu. Seva yenu ina prosesa 2 zenye viini 12 kila moja, jumla 24. Leseni huuzwa kwa pakiti za viini 2 au 16, kwa hiyo mnahitaji pakiti 1 ya viini 16 na 4 za viini 2. Hapo mmepata haki ya kuendesha mashine pepe 2 tu, yaani kompyuta za kiprogramu zinazoishi ndani ya seva moja. Mkitaka 4, mnavilipia viini vyote 24 mara ya pili, inakuwa 48. Mkitaka 6, inakuwa 72. Toleo la Datacenter hulipiwa viini 24 hivyo hivyo mara moja na mashine pepe hazina kikomo, lakini kila kiini ni ghali zaidi. Kwa hiyo kabla ya kuchagua toleo, kadirieni mtakuwa na mashine pepe ngapi miaka 3 ijayo, kisha zidisheni. Na seva ndogo yenye prosesa 1 ya viini 6? Italipiwa viini 16.

Hamjamaliza. Kwa Windows Server, leseni ya seva haimpi mtu haki ya kuitumia seva hiyo. Kila mtu au kila kifaa kinachoifikia kinahitaji leseni yake ya kuifikia, ambayo mafundi huiita CAL. Mnachagua ya mtu au ya kifaa. Wafanyakazi 45 wanaopokezana kompyuta 15 kwa zamu: chukueni za vifaa, 15. Wafanyakazi 15, kila mmoja na kompyuta mpakato, simu na tableti: chukueni za watu, ni 15 pia, badala ya vifaa 45. Anayeingia kwenye seva kwa mbali na kufanyia kazi humo anahitaji CAL nyingine ya huduma hiyo, juu ya ile ya kwanza. Hii ya pili husahaulika kuliko zote, kwa sababu mfumo hutoa siku 120 za kuitumia bila leseni, na zinapokwisha watu hufungiwa nje siku ya kazi.

Na msijaribu kuwaficha watu nyuma ya mlango mmoja. Watu 200 wakijaza fomu kwenye tovuti ya ndani, na tovuti hiyo ikaandika kwenye hifadhidata ya SQL Server kwa akaunti moja, watu wa kuhesabiwa ni 200. Daraja la katikati halipunguzi idadi.

Jambo hili la kupitia daraja liliwahi kufika mahakamani, na kila mwenye mfumo mkubwa wa hesabu alipaswa kulisikia. Februari 2017 Mahakama Kuu ya Uingereza iliamua kesi ya SAP, mtengenezaji wa mifumo ya aina hiyo, dhidi ya Diageo, kampuni ya vinywaji. Diageo ilikuwa na leseni za SAP kwa wafanyakazi wake. Kisha ikajenga mifumo juu ya Salesforce, jukwaa la mtandaoni la mauzo, iliyotumiwa na mawakala wake wa mauzo na wateja wenyewe walioweka oda humo, na taarifa zikapita hadi ndani ya SAP. Wateja hao hawakuwahi kuiona skrini ya SAP. Mahakama ilisema hata hivyo wameitumia, moja kwa moja au kwa kupitia mfumo mwingine, na mkataba ulidai leseni kwa matumizi hayo. Dai la SAP lilikuwa zaidi ya pauni milioni 54. Mwaka uliofuata SAP ilileta kipimo kingine kinachohesabu nyaraka zinazozalishwa na mifumo ya nje, aina 9 za nyaraka. Kwa hiyo mhandisi wenu akisema anataka kuunganisha mfumo A na mfumo B, kikao hicho kiwe na mtu aliyesoma mkataba wa B.

Oracle Database inahitaji uangalifu wa pekee. Toleo la Enterprise hulipiwa kwa prosesa, lakini prosesa ya mkataba si ile mnayoishika. Ni idadi ya viini ikizidishwa na kigezo, na kwa prosesa za kawaida za Intel na AMD kigezo ni 0.5. Mashine pepe ya viini 4, basi, mtu angedhani ni leseni 2. Sera ya Oracle haikubali kugawanya mashine kwa VMware, programu ya kuunda mashine pepe, kuwa njia ya kupunguza hesabu. Kundi lenu la seva likiwa na mashine 3 za viini 32 kila moja, na mashine pepe hiyo inaweza kuhamia yoyote kati yake, Oracle itadai viini 96 mara 0.5, yaani leseni 48. Kutoka 2 hadi 48. Tunaongeza jambo ambalo wengi hawaambiwi: waraka huo wa sera wenyewe unasema ni wa kuelimisha na si sehemu ya mkataba. Kinachowafunga ni mkataba mliotia saini. Someni tafsiri ya neno "prosesa" ndani yake kabla ya kukubali hesabu ya mtu yeyote, tukiwemo sisi. Njia salama bado ni kuitenga hifadhidata hiyo kwenye mashine zake peke yake.

Ndani ya toleo hilo hilo la Enterprise kuna vifurushi vya uchunguzi na urekebishaji wa kasi. Kigezo `control_management_pack_access` huja kikiwa kimeviruhusu vyote viwili. Msimamizi akitoa ripoti ya AWR, ya mwenendo wa kasi ya hifadhidata, mara moja ili ajue mfumo unakwama wapi, ametumia kifurushi cha kulipia, na matumizi hayo yameandikwa kwenye `DBA_FEATURE_USAGE_STATISTICS`, ambako mkaguzi huanzia kusoma. Kama hamkuvilipia, wekeni kigezo hicho kuwa NONE leo hii.

Na kuna kipimo kinachowashtua wengi: kuhesabu wafanyakazi wote. Januari 2023 Oracle ilianza kuuza usajili wa Java, lugha na jukwaa la kuendeshea programu, kwa idadi ya wafanyakazi wa shirika zima, wa kudumu, wa muda na hata wa mikataba wanaosaidia shughuli za ndani. Watu 500, Java inatumika kwenye kompyuta 3: mnalipia 500. Habari njema ni kwamba Java ipo pia kama programu huria, yaani ambayo msimbo wake uko wazi kwa wote, kupitia OpenJDK, na matoleo yake kama Eclipse Temurin hayalipiwi. Andikeni `java -version`. Likitokea jina `Java(TM) SE Runtime Environment`, hiyo ni ya Oracle, na sasa angalieni namba. Kwa Java 8, toleo la mwisho chini ya masharti ya zamani ni 8u202 la Januari 2019. Anayeweka masasisho ya baadaye kwa kazi za biashara ameingia kwenye masharti mapya bila kutia saini popote. Likitokea `OpenJDK Runtime Environment`, kwa kawaida mko kwenye upande huria.

Hapo tumegusa neno bure, na neno hili linahitaji kuchambuliwa, maana mashirika mengi hayaanguki kwenye programu ghali. Yanaanguka kwenye zile ambazo hakuna ankara iliyopita kwa mhasibu. Docker Desktop, zana ya wasanidi programu, ilikuwa bure kwa wote hadi Agosti 2021, ilipotangazwa kwamba kampuni yenye wafanyakazi zaidi ya 250, au mapato ya mwaka yanayozidi dola milioni 10, italazimika kulipia. Soma vizuri neno "au": kigezo kimoja kinatosha. VirtualBox, programu ya kuunda mashine pepe, yenyewe ni huria, lakini kile kifurushi cha nyongeza kinachopakuliwa pembeni yake kina leseni tofauti, ya matumizi binafsi, ya kujifunza na ya majaribio. Fundi hubonyeza vyote viwili kwa pamoja. SQL Server Developer ina kila kitu cha toleo kubwa bila malipo, ila hairuhusiwi kubeba kazi halisi. Siku mfumo wa majaribio unapoanza kutumiwa na idara ya fedha, leseni imevunjwa bila mtu kugusa kitufe. Hata fonti zina leseni: iliyoruhusiwa kwenye kompyuta ya mchoraji haijaruhusiwa kwa hilo tu kuwekwa kwenye tovuti.

Programu huria ni jambo jingine, na tunaliunga mkono kwa moyo wote. Lakini huria si holela. Leseni za MIT, BSD na Apache 2.0 zinadai machache: hasa mhifadhi tamko la hakimiliki na maandishi ya leseni mnapogawa programu. GPL inadai zaidi. Ukiigawa programu hiyo au kazi iliyotokana nayo, aliyeipokea ana haki ya kupata msimbo chanzo, yaani maandishi ya mtunzi wa programu, kwa masharti yale yale. Hofu kuhusu GPL imekuzwa mno: kuitumia ndani ya shirika, hata kuibadilisha kwa matumizi yenu wenyewe, hakuwalazimishi kuchapisha chochote. Wajibu huanza mnapoitoa nje, kwa mfano ndani ya aplikesheni mnayowapa wateja waisakinishe. AGPL huziba mwanya uliobaki: mkiibadilisha na kuwahudumia watu kupitia mtandao, watu hao wana haki ya kupata msimbo chanzo wa toleo lenu.

Anayedhani leseni hizi ni ombi la heshima tu akumbuke kesi ya Jacobsen dhidi ya Katzer. Mwaka 2008 mahakama ya rufaa nchini Marekani ilikubali kwamba anayevunja masharti ya leseni huria anaweza kushtakiwa kwa kukiuka hakimiliki. Tofauti nyingine ndogo yenye uzito: chini ya GPL toleo la 2 la mwaka 1991, haki yako hukoma mara tu unapokiuka. Toleo la 3 la mwaka 2007 humpa mkosaji wa mara ya kwanza siku 30 tangu kupokea taarifa ajirekebishe na haki yake irudi.

Na leseni ya mradi inaweza kubadilika. MongoDB ilibadilisha ya kwake mwaka 2018, Elasticsearch 2021, Terraform 2023, Redis 2024. Matoleo yaliyokwisha kutoka hubaki na leseni yake ya awali, Terraform 1.5, kwa mfano, imebaki na leseni huria ya MPL 2.0, na kutoka hapo jumuiya ilizaa OpenTofu, mradi wake huria. Kinachowaumiza watu ni sasisho la kujiendesha linalovuka mstari usiku wakiwa wamelala. Zuieni toleo kuu jipya lisiingie kabla mtu hajasoma leseni yake.

Kuhusu usajili wa mwezi au mwaka, tutapita haraka. Ni kama kupanga nyumba: kodi ikikoma, unatoka. Soko linaelekea huko. Adobe ilifanya hivyo kwa programu zake za ubunifu mwaka 2013, na VMware iliacha kuuza leseni za kudumu Desemba 2023 baada ya kununuliwa na Broadcom. Wenye leseni za kudumu wasichanganye leseni na ada ya msaada wa kila mwaka, ambayo kwa Oracle ni asilimia 22 ya bei ya leseni. Ukiacha kulipa msaada unapoteza masasisho, lakini haki ya kutumia toleo ulilonalo inabaki. Kwenye usajili hakuna kinachobaki. Microsoft 365 ikiisha muda, kwa kawaida kuna siku 30 za kuendelea kama kawaida, kisha siku 90 ambazo msimamizi pekee anaweza kutoa data, kisha data hufutwa. Na mfanyakazi akiondoka msiendelee kulipia leseni yake ili tu barua pepe zake zisipotee. Kigeuzeni kisanduku chake kuwa cha pamoja. Hadi GB 50 hakihitaji leseni.

Tarehe ya kutoa taarifa ya kutohuisha ndiyo iandikwe kwenye kalenda, si tarehe ya mkataba kuisha. Mikataba mingi hujihuisha yenyewe usipoandika siku 30, 60 au 90 kabla.

Sasa, kazi yenyewe ya kuweka mambo sawa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na leseni ni mali isiyoonekana hata rafuni. Anzeni na karatasi kabla ya kompyuta: mkataba, oda, ankara, uthibitisho wa malipo, na nakala ya masharti kama yalivyokuwa siku ya kununua. Masharti ya mtandaoni hubadilishwa, kwa hiyo yahifadhini kama PDF siku hiyo hiyo. Baada ya miaka 4 hamtayapata kirahisi. Picha ya ufunguo si ushahidi wa ununuzi. Kisha fanyeni skani ya kompyuta zote kwa kifaa kama GLPI au OCS Inventory, vyote viwili huria. Kompyuta mpakato za walioko safarini zitakosekana, basi iacheni skani iende kwa wiki 4, si siku moja.

Daftari lenyewe linaweza kuwa lahajedwali. Kila mstari uwe na jina la programu na toleo, kipimo chake, idadi iliyolipiwa, iliyosakinishwa, inayotumika kweli, jina la mhusika, mahali ushahidi ulipo, na tarehe ya taarifa. Zile idadi tatu ndizo roho ya daftari. Iliyosakinishwa ikizidi iliyolipiwa, mna deni. Iliyolipiwa ikizidi inayotumika, mnamwaga pesa. Shirika moja linaweza kuwa na yote mawili, deni kwenye hifadhidata na upotevu kwenye usajili wa ofisi, na hakuna anayejua kwa sababu ankara ziko kwa mhasibu, usakinishaji uko kwa TEHAMA, na mkataba uko kwenye kabati la mwanasheria. Wakutanisheni watatu hao kila robo mwaka kwa saa moja. Hakuna programu ya kununua inayofanya kazi ya kikao hicho.

Mwisho, barua ya ukaguzi. Itakuja siku moja, basi tuizungumze bila hofu. Kwanza tambueni ni barua ya aina gani. Kuna mwaliko wa kirafiki wa kupitia leseni zenu, ambao mara nyingi mnaweza kuukataa kwa adabu, na kuna ukaguzi unaotaja kifungu cha mkataba, ambao hamwezi. Fungueni kifungu hicho: kinataka taarifa ya siku ngapi? Kwa Oracle kwa kawaida ni 45. Kinahusu programu zipi, kampuni tanzu zipi, miaka mingapi? Jibuni kwa maandishi kwamba mmepokea, na mteueni mtu mmoja wa kuzungumza. Fundi akipigiwa simu na kuulizwa maswali "ya kawaida tu", amwelekeze kwa mtu huyo.

Msifute programu ili kuficha. Kumbukumbu za mfumo huonyesha tarehe za kuondolewa, na deni linageuka kuwa udanganyifu. Msikimbilie kununua pia, kwani leseni ya leo kwa kawaida haifuti matumizi ya jana, na oda ya haraka huwa ni kukiri. Hesabuni wenyewe kwanza. Kabla ya kutoa data, wekeni makubaliano ya usiri, na ulizeni kama mkataba unawalazimisha kuendesha skripti za mkaguzi au unakubali taarifa yenu.

Matokeo yakirudi, yapitieni mstari kwa mstari, maana huwa na makosa. Kompyuta zilizokufa bado zimo kwenye orodha ya mtandao. Mashine moja iliyobadilishwa jina imehesabiwa mara mbili. Seva ya majaribio yenye leseni ya wasanidi imehesabiwa kama ya kazi halisi. Leseni mlizonunua kupitia wakala hazionekani upande wao. Kila mstari mnaoupinga, wekeni ushahidi pembeni yake. Mkifikia makubaliano, msitie saini kabla hayajaandika wazi kwamba malipo hayo yanafunga madai ya kipindi kilichokaguliwa, kwa programu zilizotajwa, kwa shirika na kampuni zake tanzu zote.

Sasa tunapokea maswali. Aliyekuja na mkataba wake mkononi aanze, na aanze na ukurasa wa tafsiri za maneno.